ITAMBUE KANGAGA YENYE SUMU KABLA NG'OMBE HAWAJAILA

Somo kwa wafugaji wanaopandisha mifugo milimani wakati wa kiangazi



Kiangazi kinapokaza na nyasi za mbugani kwisha, wengi wetu tunapandisha ng'ombe milimani. Huko kuna ubaridi, maji na majani mabichi. Lakini si kila kibichi ni malisho. Upo mmea mmoja ambao wenyeji wa milimani wanaujua vizuri na sisi wa mbugani hatuujui, kwa sababu kwetu hauoti. Ng'ombe wetu nao hawaujui. Wakifika na njaa, wanaula.

Mmea huu ni wa jamii ya kangaga. Somo hili lina lengo moja: ukimaliza kulisoma, au ukimaliza kusomewa na mwanao, uweze kusimama kwenye malisho mapya na kusema, "Hii ndiyo yenyewe," au "Hii siyo."

KWA NINI NINALIANDIKA

Nilipokuwa mgeni kazini niliitwa na mfugaji mmoja aliyehamia mlimani na kundi lake. Ng'ombe wake jike alikuwa anakojoa damu. Nikaona kupe wachache masikioni, nikasema huu ni ugonjwa wa kupe wa mkojo mwekundu. Nikachoma sindano. Baada ya siku chache akaanza mwingine, nikachoma tena. Yule wa kwanza akazidi kukonda, na dawa haikumsaidia kitu. Mfugaji alikwisha kuuza mbuzi wawili kulipia dawa.

Siku ya tatu ya kwenda pale alikuja mzee mmoja mwenyeji wa mlima, akatusalimia, akatazama chini penye miguu yangu. Akasema, "Daktari, hicho unachokikanyaga ndicho kinachowaua ng'ombe wenu." Nilikuwa nimesimama katikati ya kangaga, na kote nilikotazama ilikuwa ni hiyo hiyo. Nilikuwa nimeikanyaga siku tatu bila kuiona. Tangu siku hiyo, nikiitwa mlimani natazama kwanza malisho, kisha mnyama.

NI MMEA GANI HUU?

Kangaga ni mimea isiyotoa maua, matunda wala mbegu. Huzaa kwa vumbi laini sana linalokaa chini ya jani na kupeperushwa na upepo. Zipo kangaga za aina nyingi na nyingi kati yake hazina shida kwa mifugo. Hii tunayoisema, wataalamu wa mimea duniani kote huiita Pteridium aquilinum. Inaota katika kila bara isipokuwa lile la barafu la kusini. Kwetu Afrika Mashariki inapenda nchi za juu zenye baridi na mvua: Usambara, miteremko ya Kilimanjaro, nyanda za juu za Njombe na Mbeya, na kwa jirani zetu wa Kenya, Aberdare na Mlima Kenya. Kila kabila la milimani lina jina lake. Ukifika mahali, waulize wenyeji wanaiitaje na ulishike jina hilo. Ili tuelewane, katika somo hili tutaiita kangaga sumu.

Inapenda mahali penye jua: msitu uliofyekwa, shamba lililoachwa, kando ya njia, na hasa mahali palipochomwa moto. Haipendi udongo unaotuamisha maji. Kwa hiyo usiitafute kwenye tope la mtoni. Itafute kwenye miteremko na vilimani.

HATUA SITA ZA KUITAMBUA

Usitegemee alama moja. Pitia zote sita, kama unavyokagua ng'ombe mnadani kabla hujatoa pesa.

1. Tazama inavyotoka ardhini. Kila jani la kangaga sumu hutoka ardhini peke yake, likiwa na kikonyo chake kirefu kilichosimama wima kama fimbo. Majani hayatoki pamoja kwenye shina moja kama mkonge au mgomba. Ukiona majani mengi yametoka sehemu moja kwa kuzunguka, kama kikapu, hiyo ni kangaga nyingine.

2. Tazama umbo la jani. Jani zima lina umbo la pembetatu: pana chini, linachongoka kwenda juu. Kikonyo kinapofika juu kinatoa matawi mawili mawili yanayotazamana, na jozi ya chini ndiyo kubwa kuliko zote. Kila tawi lina matawi madogo, na kila tawi dogo lina vijani vilivyopangwa kama meno ya kitana. Kwa hiyo jani limegawanyika mara mbili hadi tatu. Mara nyingi linafika kiunoni au kifuani kwa mtu mzima. Penye rutuba na mvua linaweza kumpita mtu kichwa.

3. Ligusе jani na kikonyo. Jani lililokomaa ni gumu, kavu mkononi, linafanana na ngozi iliyokauka. Si laini wala halina majimaji. Kikonyo ni kigumu, kijani au cha manjano kwa juu, na karibu na udongo kinakuwa cheusi au kahawia. Usikivute kwa mkono mtupu, kwa kuwa kikipasuka kingo zake hukata kama wembe.

4. Geuza jani utazame chini. Kingo za vijani zimekunjwa kwa ndani, kama pindo la shuka lililoshonwa. Majani yakikomaa, chini ya pindo hilo kuna mstari wa kahawia unaofuata ukingo. Hilo ndilo vumbi la uzazi. Kangaga nyingine nyingi zina madoa ya duara yaliyotawanyika katikati ya kijani. Kangaga sumu ina mstari ukingoni, si madoa. Majani mengine hayana vumbi hili, lakini pindo la ukingo lipo.

5. Tafuta chipukizi. Jani changa hutoka ardhini likiwa limejikunja kichwani, kama ncha ya bakora iliyopindwa au ngumi iliyofungwa. Limefunikwa na vinywele laini vya rangi ya fedha au kahawia. Kisha hujikunjua taratibu kuwa vidole vitatu, halafu jani zima. Ukiona kwenye chipukizi magamba makavu kama ya kitunguu badala ya vinywele, hiyo siyo kangaga sumu.

6. Chimba kidogo. Chini ya udongo kuna shina linalotambaa, jeusi kwa nje, jeupe kwa ndani, nene kama kidole au zaidi. Linakwenda mbali kama ukoka, na majani yote unayoyaona mlimani yanaweza kuwa yametoka kwenye shina moja. Ukikata kikonyo kwa mshazari karibu na ardhi utaona ndani alama nyeusi. Watu wa zamani wa Ulaya waliona alama hiyo kama tai aliyetandaza mabawa, na inasemekana ndipo lilipotoka neno aquilinum, kwani tai kwa Kilatini ni aquila.

Alama moja zaidi kwa wenye macho makali: pale tawi linapoungana na kikonyo kuna kivimbe kidogo kinachotoa maji matamu wakati jani lingali changa. Mara nyingi utakuta sisimizi wamekaa hapo.

USIICHANGANYE NA HIZI

Kangaga mti: hii ina shina kama mnazi mdogo na huota kando ya vijito vya msituni. Kangaga sumu haina shina juu ya ardhi.

Kangaga ya samaki, ile inayopandwa kwenye makopo barazani: jani lake ni refu na jembamba, limegawanyika mara moja tu, kama mifupa ya samaki. Kangaga sumu imegawanyika zaidi na ni pembetatu.

Mmea wa miiba wenye majani membamba kama nywele, unaotambaa juu ya vichaka: huu una maua madogo meupe na matunda mekundu. Chochote chenye ua au tunda si kangaga.

Ukiwa na shaka, kata jani zima pamoja na kikonyo, lifunge kwenye gazeti au mfuko, mletee mtaalamu wa mifugo wa kata. Jani lililonyauka bado linatambulika.

WAKATI WA HATARI

Ng'ombe aliyeshiba nyasi nzuri kwa kawaida huipita kangaga. Hatari inakuja nyakati hizi:

Baada ya moto. Moto unachoma majani ya juu, lakini shina lililo chini ya udongo halifi. Kangaga huchipua upesi, mara nyingi kabla ya nyasi. Ukiangalia kutoka mbali unaona mlima umeanza kuwa kijani, unafurahi. Ukisogea unakuta kijani chote ni machipukizi ya kangaga, na machipukizi hayo ndiyo yenye sumu nyingi.

Mwisho wa kiangazi. Nyasi zimekauka, kangaga bado mbichi.

Siku za kwanza baada ya kuhamia. Mifugo imetembea mbali, ina njaa, na haiujui mmea.

Shamba likilimwa. Jembe linatoa mashina ya chini juu ya udongo. Hayo nayo yana sumu, na ng'ombe na nguruwe huyatafuna.

Ikikatwa na kukaushwa. Kukauka hakuiondolei kangaga sumu yake yote. Usiichanganye kwenye majani ya akiba, wala usiitandike mahali wanapolala ndama.

INAWAFANYAJE MIFUGO?

Sumu hii haiui siku ile ile. Ndiyo maana wengi hawaioanishi na ugonjwa. Mnyama anakula wiki nyingi, na wakati mwingine anaanza kuugua wiki mbili au zaidi baada ya kuondoka mlimani, mwenye mifugo amekwisha kusahau alikolisha.

Ng'ombe waliokula nyingi kwa wiki kadhaa: sumu inaharibu uboho wa mifupa, pale damu inapotengenezwa. Damu inashindwa kuganda. Utaona homa kali, udhaifu, kinyesi chenye damu, madoa mekundu kwenye fizi na ndani ya kope, damu puani. Mahali alipoumwa na kupe au alipochomwa sindano, damu inatiririka bila kukatika. Ndama huweza kuvimba koo na kupumua kwa shida. Wengi wakifika hapa hufa.

Ng'ombe wakubwa waliokula kidogo kidogo kwa miezi mingi au miaka: vinaota vidonda na uvimbe wa saratani kwenye kibofu cha mkojo. Ng'ombe anakojoa damu, inaacha, inarudi. Hana homa. Anakonda, fizi zinakuwa nyeupe, maziwa yanapungua. Hali hii haina dawa ya kuiponya.

Kondoo: wanaweza kuugua kama ng'ombe. Wakila kwa muda mrefu wanaweza pia kupofuka, na upofu huo haurudi nyuma. Kondoo anatembea ameinua kichwa, anagonga vitu, na macho yake yanang'aa sana gizani.

Punda: kwake sumu nyingine iliyomo kwenye kangaga inaharibu vitamini B1 mwilini. Anakonda, anatetemeka, anayumba, anasimama ametanua miguu. Punda anaweza kupona akiondolewa mapema kwenye kangaga na kuchomwa sindano za vitamini B1. Usichelewe.

Mbuzi ni wagumu zaidi kuliko ng'ombe, lakini usiwafanye walinzi wa mlima. Nao wana kikomo.

Na maziwa? Sumu ya kangaga hupita kwenye maziwa ya ng'ombe anayeila. Kuchemsha kunaipunguza lakini hakuimalizi. Akina mama, hili ni lenu zaidi: ng'ombe anayelishwa penye kangaga, maziwa yake msiwape watoto. Mtoeni kwanza kwenye malisho hayo, mkamuulize mtaalamu lini maziwa yataanza kutumika.

JARIBIO LA CHUPA

Mkojo mwekundu si lazima uwe kangaga. Kuna ugonjwa wa kupe unaofanya mkojo uwe mwekundu pia, na huo una dawa. Kosa langu lile lingeepukika kwa chupa tupu ya maji.

Kinga mkojo wa ng'ombe kwenye chupa safi inayoonesha ndani. Weka kivulini bila kuitikisa, tangu asubuhi hadi mchana. Kisha tazama.

Kama wekundu umezama chini na juu pamekuwa peupe, au kuna mabonge ya damu, hiyo ni damu nzima inayotoka kwenye kibofu au njia ya mkojo. Fikiria kangaga.

Kama mkojo wote umebaki na rangi ile ile kama chai ya rangi au kahawa, damu imepasuka ndani ya mwili. Fikiria ugonjwa wa kupe, hasa kama kuna homa na kupe wengi.

Jaribio hili halimalizi kesi. Ng'ombe mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Lakini ukimpigia mtaalamu simu na kumweleza ulichokiona kwenye chupa na ulikolisha, umempunguzia nusu ya kazi. Nawa mikono kwa sabuni baada ya jaribio.

TAHADHARI YA KIMETA

Mnyama akifa ghafla na damu inatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja, usiseme haraka ni kangaga. Kimeta nacho huonekana hivyo, na kimeta kinaua watu. Usimchune, usimpasue, usile nyama yake, mbwa wasimguse. Mweke kijana wa kulinda mzoga, mwite mtaalamu. Akisema azikwe, shimo liwe la kina cha mita 2.

UFANYE NINI?

Kabla ya kuhama: tuma watu wawili watangulie. Mmoja awe kijana atakayechunga, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa na mifugo kutwa nzima. Wapitie malisho kwa hatua sita tulizosoma na wawaulize wazee wa pale.

Siku ya kufika: usiingize kundi lenye njaa kwenye malisho mapya. Walishe kwanza njiani au uwanda wenye nyasi. Wakiwa wameshiba ndipo wapande.

Wakati wa kuchunga: pageuze pahali pa malisho. Penye kangaga nyingi pasiwe pa kila siku. Palipochomwa moto pasubiri hadi nyasi zirudi vizuri.

Ukiona dalili: waondoe ng'ombe wote, si yule mgonjwa tu. Endelea kuwaangalia wale wazima kwa wiki kadhaa, kila asubuhi, kwenye fizi, kope na mkojo. Usiwafukuze wala kuwapiga, kwa maana mnyama ambaye damu yake haigandi anaweza kuvuja damu ndani kwa pigo dogo. Sindano zisizo za lazima ziache mpaka mtaalamu afike.

KUPUNGUZA KANGAGA KWENYE MALISHO

Usichome moto. Moto unaua washindani wake na kuiachia nafasi. Nguvu yake imewekwa kwenye shina la chini, kama akiba. Kazi yako ni kuimaliza akiba hiyo. Fyeka au ponda majani mara mbili kwa mwaka, kila yanapokuwa yametoka kujikunjua, maana wakati huo shina limetumia nguvu nyingi na halijarudishiwa. Rudia miaka 3 au zaidi. Ukiacha mwaka mmoja, inarudi. Kazi hii ifanywe kwa pamoja na kamati ya malisho, na yaliyofyekwa yasibaki mahali mifugo inapoyafikia.

JIPIME

Msomee mwenzako maswali haya kabla ya kutazama majibu.

1. Umeona majani mengi yametoka sehemu moja kwa kuzunguka. Je, ni kangaga sumu?
2. Vumbi la uzazi la kangaga sumu hukaa wapi?
3. Mlima uliochomwa umeanza kuwa kijani. Utafanya nini kwanza?
4. Kwenye chupa, wekundu umezama chini. Unafikiria nini?
5. Ng'ombe mmoja anaumwa, kumi wazima, wote walilishwa pamoja. Utaondoa wangapi?

Majibu: 1. Hapana, ya kangaga sumu kila jani hutoka peke yake. 2. Kwenye mstari ukingoni, chini ya pindo la kijani. 3. Nitakwenda kutazama kwa karibu kabla ya kupeleka mifugo. 4. Damu inatoka kwenye kibofu au njia ya mkojo, huenda ni kangaga. 5. Wote kumi na mmoja.

Mzee yule wa mlimani hakusomea mifugo darasani. Aliijua kangaga kwa sababu babu yake alimwonesha jani kwa mkono. Nawe fanya hivyo. Ukiipata, likate jani moja, rudi nalo bomani, liweke katikati jioni mnapokaa. Kila mtoto aligeuze, aguse pindo la ukingo, aseme jina lake. Jani hilo msilitupe penye ndama. Litieni motoni.